Neno Lililomfukuza Purity

Pale Masimba, mbele ya duka la mbolea ambalo hufunguliwa mwenyewe akijisikia, kuna benchi refu lililokuwa la kanisa hadi Wasabato waliponunua viti vya plastiki. Alhamisi hiyo asubuhi, ukungu ukiwa bado umeng'ang'ania migomba, wenye benchi lao walikuwa wamekwisha kuketi, kila mtu mahali pake. Kulikuwa na Waziri, ambaye ameahidiwa cheo na kila mgombea tangu aanze kupiga kura na hajapewa hata kazi ya kufungua lango. Kulikuwa na Saiba, mwenye kibanda cha kompyuta mbili, moja ya kazi na nyingine ya kutolewa vipuri. Na kulikuwa na Mzee Machogu, ambaye wote humwita Jaji kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani miaka mingi na huko akajifunza kukata kesi. Aliyesimama alikuwa Esnah peke yake, na birika lake la kahawa ya tangawizi juu ya jiko la makaa. Kesi ya asubuhi hiyo ilikuwa ya binti yake.

— Mama Puri, niongeze kidogo, alisema Waziri. Halafu utuambie. Ni kweli wamempa wiki mbili?

— Ni kweli.

— Wiki mbili za kukaa nyumbani! Na ule mradi wa mtihani wa kompyuta unafungwa lini?

— Kesho.

Saiba alipiga mluzi.

— Basi hiyo imeenda. Mama Puri, sikudanganyi, huo mradi ni alama. Ukikosa, wanaandika hakufanya, hakuna cha kuomba msamaha. Na kazi yenyewe iko ndani ya mashine ya shule. Ingekuwa kwa flashi ningemwambia akuje kwangu amalizie bure. Haki ya Mungu, bure.

— Wewe na bure mlikutana wapi? aliuliza Waziri.

Walicheka. Esnah hakucheka. Alikuwa anajua habari za mradi huo kuliko alivyojua habari za mumewe aliyeko Mombasa akilinda ghala la watu. Purity alikuwa akitengeneza programu ya kumwekea mkulima kumbukumbu ya kilo zake za majani chai, ili karani wa kituo asimwambie hadithi. Tangu mwaka jana mtoto hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea mambo hayo hayo, na walimu walikuwa wamemwambia alama za somo hilo ndizo zitakazompeleka.

— Sasa tuulizane kama watu wazima, alisema Waziri, akiegemea nyuma. Sheria za kompyuta za shule zinasema nini? Mimi nilizisoma pale mlangoni siku ya mkutano wa wazazi. Usiingie na uji. Usitumie jina la mwenzako. Usifungue mambo machafu. Kila unachotafuta kinaonekana. Hizo ni sheria nzuri. Zimetoka kwa katiba moja kwa moja.

— Kwa katiba kuna uji? aliuliza Saiba.

— Kuna afya. Uji uko ndani ya afya.

— Mtoto alifungua mambo machafu, alisema Jaji polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Naibu mwalimu mkuu hawezi kumfukuza mtoto wa baba yake mdogo bila sababu. Huyo Nyabuto ni damu yetu. Imemuuma.

Hapo Esnah akainamia makaa, akayapuliza ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

Alichokijua yeye, na ambacho benchi zima halikukijua, kilikuwa hiki. Mwezi uliopita, akioga, mkono wake uliukuta uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mgumu na haukuuma, na kutouma kwake ndiko kulikomtisha. Habari kama hiyo huwezi kumpigia mume ambaye simu yake hupokelewa na walinzi wenzake. Purity alipokuja mapumziko ya nusu muhula, Esnah alimwambia yeye, gizani, kwa sauti ya mtu anayeungama wizi. Simu ya Esnah ni ile ndogo ya vitufe waitayo kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo mtoto aliporudi shuleni, aliketi mbele ya kompyuta, akachapa kwa Kiingereza: uvimbe, titi, mama. Skrini ikageuka nyekundu, na simu ya naibu mwalimu mkuu ikalia ofisini.

Shule ilikuwa imenunua programu ya kuchuja. Programu hiyo haijui uvimbe wala haijui mama. Inajua titi tu.

— Mimi nitawaambia kitu, alisema Saiba, akishusha sauti. Hiyo si picha chafu. Picha chafu watoi wanaangalia kwa simu, nani atasumbuka kwenda hadi maabara? Hapa kuna mtu alikuwa anauza mtihani. Puri akaingia kwa njia yake bila kujua. Wakamzima mapema.

— Mtihani wa Novemba unauzwa saa hii? Waziri alimdharau. Fikiria kubwa, Saiba. Nani aliunda hiyo programu ya kuchuja? Wazungu. Kwa nini wanataka kujua kila neno ambalo mtoto wa Mgusii anaandika? Wanatupima. Uchaguzi unakuja. Wanasoma watoto wetu wanataka nini, halafu wanatutengenezea mgombea.

— Sasa mgombea atatengenezwa na kile Puri alisachi?

— Wewe cheka. Utampigia kura na hutajua.

Jaji aliinua kidole, wakanyamaza. Alikuwa na umri wa kunyamaziwa.

— Kule Nyamache, shule moja, walileta hizo mashine. Msichana akafungua kitu. Hakuzima. Wikendi nzima ikabaki wazi. Jumatatu ng'ombe wa shule wakakataa kutoa maziwa. Mchungaji akaja akaomba kwa kila mashine moja moja. Mashine ya mwisho ilipoombewa ikatoa moshi.

— Hiyo ilikuwa stima mbovu, Mzee, alisema Saiba.

— Na ng'ombe? Ng'ombe nao walikuwa na stima mbovu?

Jaji akanywa kahawa yake kwa ushindi.

Esnah alisikiliza kila neno. Jana alikuwa amesikiliza vivyo hivyo kule shuleni, katika ofisi yenye wanaume wanne na Biblia moja. Alikuwa ameamka na maneno yake tayari, ameyapanga njia nzima akishuka kilima: mtoto hakutafuta uchafu, alitafuta dawa yangu. Lakini aliyekuwa katikati ya meza alikuwa Nyabuto, mwana wa shemeji yake mkubwa. Kwa Wagusii huyo ni mwanawe. Alimwogesha akiwa mdogo. Na kuna ile heshima yetu, chinsoni, inayomzuia mama kutaja mwili wake mbele ya mwanawe, hata mwana akiwa na mvi, hata akiwa na tai na ofisi. Nyabuto naye alilelewa kwa heshima hiyo hiyo. Alifunua karatasi yake, akasoma tarehe, akasoma namba ya mashine, na alipofika kwenye neno lenyewe akaruka.

— Kuna neno hapa, alisema, ambalo siwezi kulitaja mbele ya mama yangu.

Wenzake wakatikisa vichwa kwa kumheshimu. Purity, aliyesimama kwenye kona na sare yake, aliulizwa kama analo la kusema mbele ya wakubwa. Alimtazama mama yake. Alingoja. Kisha akasema tu kwamba alikuwa anasoma. Na Esnah akafanya kile ambacho kila mama wa Kigusii hufunzwa kufanya akiwa mbele ya wakubwa na mambo yakiwa mazito. Aliinama, akasema, "Mtoto amekosa. Msameheni." Basi ikaandikwa kwamba mzazi amekubali kosa. Kesi nzima ilisikilizwa, ikaamuliwa na ikafungwa kwa maombi, bila hata mtu mmoja kutamka kosa lilikuwa nini.

Usiku huo Purity hakumlaumu. Hilo ndilo lililomnyima Esnah usingizi.

Mwanamke mmoja alikuwa amefika kijiweni, na gunia la parachichi ameliegemeza ukutani. Alisema anatoka Nyamarambe, anangoja gari la Kisii mjini, jina lake Jacinta. Aliomba kahawa, akaketi mwisho wa benchi, akasikiliza kesi nzima hadi habari ya ng'ombe ikaisha.

— Samahani wazee, alisema. Mimi ni mgeni. Huyo mtoto ni wa nani?

— Ni wa huyu mama anayekupa kahawa, Waziri alijibu. Na mimi ni mjomba wake, kwa njia ndefu kidogo.

— Pole, mama, alisema Jacinta. Na huyo mwalimu, mmesema ni mtu wenu?

— Nyabuto? Huyo nikimpigia anapokea kabla haijalia! Waziri alitoa simu mfukoni, akaionyesha kama kitambulisho. Mimi ndiye nilimtafutia kura za chama cha wazazi.

— Na mtoto akirudi leo, huo mradi anaweza kuumaliza?

— Akirudi saa hii, alisema Saiba. Kesho jioni wanafunga. Anaweza. Huyo msichana ni mkali.

— Basi mpigie.

— Nimwambie nini?

— Mwambie kile alichokuwa anatafuta. Kama ni kibaya, basi. Kama si kibaya, amrudishe. Alikuwa anatafuta nini?

Saiba alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Jaji. Watu hawa walikuwa wamekwisha kupita mtihani, wamepita Wazungu, wamepita ng'ombe wa Nyamache, na hakuna aliyekuwa amepita hapo.

— Si mambo machafu? alisema Saiba, sasa akiuliza.

— Machafu gani? Mnisaidie. Kuna neno, kuna picha, kuna nini?

— Nyabuto hakutaja, alisema Jaji. Kwa heshima.

— Kwa hivyo hamjui.

Waziri alikuwa amekwisha kulitafuta jina. Simu ilikuwa mkononi, kidole kikiwa juu yake.

— Mama Puri, alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa anahutubia mtu. Kusema kweli, huyu dada ameuliza vizuri. Nipe neno moja tu la kumwambia. Napiga sasa hivi. Mtoto alikuwa anatafuta nini?

Esnah alisimama wima. Aliona kila kitu kwa uwazi. Purity yuko nyumbani, amekaa kwenye ngazi ya jikoni na vitabu vya kompyuta asivyoweza kuvifanyia kazi. Angeitwa sasa hivi angeshuka kilima mbio, sare haijapigwa pasi. Maneno yalikuwa machache, hata Waziri angeweza kuyabeba kwa simu bila kuyaharibu. Akafungua mdomo.

Na macho yake yakakutana na ya Mzee Machogu.

Machogu ni ndugu wa baba mkwe wake. Tangu aolewe, Esnah hajawahi kupita mbele yake bila kufunika mabega, wala hajawahi kula akiangaliwa naye. Mzee hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anangoja kama wengine, kikombe mkononi, kichwa kimeinama upande wa sikio linalosikia.

— Mama? aliita Jacinta kwa upole. Hata kama ni jambo la wanawake, niambie mimi.

Lakini kumwambia yeye pale ilikuwa ni kuwaambia wote, na gari la Kisii lilikuwa limeanza kupiga honi upande wa pili wa barabara, utingo akiita jina la mji. Jacinta alitazama gari, akatazama gunia lake, akamtazama tena Esnah.

— Sijui, alisema Esnah.

— Hujui kabisa?

— Hakuniambia.

Jacinta aliendelea kumwangalia kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu kingine. Kisha utingo akaja akabeba gunia, naye akalifuata. Waziri alirudisha simu mfukoni. Usoni pake palikuwa na kitu kinachofanana na nafuu.

— Mnaona sasa? alisema, sauti ya mkutano wa hadhara ikimrudia. Hata mama mzazi hajui! Mtoto akimficha mamake jambo, jambo hilo linaweza kuwa zuri? Mimi nilisema mapema. Sheria ni sheria.

— Hapo umeongea, alisema Saiba. Kama hata Mama Puri hajui, basi ilikuwa kitu mbaya sana.

— Watoto wa siku hizi, alisema Waziri.

— Umejibu vizuri, mokamwana, alisema Jaji, akimwita mke wa mwana kama ilivyo desturi. Hukumtetea aliyekosa. Mwanamke wa heshima ni huyo.

Akamnyooshea kikombe. Esnah alikipokea kwa mikono miwili, akakijaza, akamrudishia akiwa ameinamisha macho.