Sukari ya Bei ya Jumla

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na jiko. Wewe unayetafuna, meza au tema. Na huyo mwenye simu aizime, maana maneno haya yana chumvi kweli, si ya kutiwa. Mnalijua benchi letu: ubao uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, katikati ya mlango wa kinyozi na cherehani ya mshonaji, na nyuma yake ukuta uliochubuka rangi kwa migongo ya watu. Mimi pale nina birika langu. Shule sikuiona hata kwa dirishani, lakini kwa kuuza kahawa nimewasikia waliosoma wote. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Sindano, mshonaji, mwembamba na mchomaji. Na Wembe, kinyozi, ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni akibishana huku kichwa cha mtu kinamsubiri ndani na povu.

Basi sukari ikapanda bei. Nikawaambia na kikombe kitapanda. Ungedhani nimewatukania mama zao! Wakaniambia, "Bibi, unaliwa kwa sababu unanunua robo robo. Wenye akili hununua kwa jumla. Tupe sisi hiyo kazi." Nami nikawapa. Nikawapa mtaji wangu wote uliokuwa koponi, wa kahawa, wa mkaa, na wa kodi ya chumba. Wakaondoka na mkokoteni, vifua mbele, kama wanakwenda kuposa.

Jioni wakarudi na magunia mawili. Mawili, kwa pesa ya gunia moja! Breki akanieleza siri huku anajifuta jasho: "Bibi, dukani hutaji unachotaka. Ukitaja tu, bei inasimama kwa vidole vya miguu. Unatazama dari, unapiga mwayo, halafu unanyoosha kidole kama hutaki: hiyo nyeupe ya pembeni, bei gani? Mwenye duka akataja bei ya chini mpaka nikamwonea huruma." Nikalia kwa furaha, msinicheke. Usiku ule nililala kama mtu aliyejengewa nyumba.

Asubuhi nikafungua gunia, nikatia birikani, nikakoroga, nikamimina. Breki ndiye aliyetangulia kunywa.

BREKI: Bibi, birika umeoshea nini leo?

MIMI: Maji, kama jana. Kwani vipi?

BREKI: Sindano, hebu onja.

SINDANO: Tfu! Hii si kahawa, hii ni bahari imechemshwa!

WEMBE: Jamani, msitie chumvi.

MIMI: Nani aitie tena, baba, wakati imeshatiwa?

Nikachovya kidole guniani, nikalamba. Chumvi. Nikalifungua la pili. Chumvi. Nikakaa juu ya gunia, yaani juu ya mtaji wangu mwenyewe.

MIMI: Mzee huambiwa amekula chumvi nyingi. Niliyokula mimi inanitosha. Nani aliwatuma mniletee na ya maisha ya pili?

BREKI: Tulia, bibi. Hapa tumeibiwa. Yule mwenye duka ni jambazi aliyevaa miwani tu.

SINDANO: Mimi nilisema! Mtu anayepunguza bei bila kuapa, huyo si mtu.

MIMI: Ulisema lini? Jana ulikuja unaimba.

SINDANO: Nilisema moyoni.

WEMBE: Na magunia tuliyapima, bibi, usituone wajinga. Breki aliyapiga teke.

BREKI: Teke la kitaalamu. Gunia ni kama gurudumu, ukilipiga linakwambia lina nini. Yale yakalia "du". Sukari hulia "du".

MIMI: Na chumvi hulia nini?

BREKI: Chumvi sijawahi kuipiga.

SINDANO: Mimi nikatia mkono, nikasugua. Vidole hivi, bibi, vinaitambua hariri gizani. Nikaona mali safi, haina nyuzi, haichuji.

WEMBE: Nami nikaipuliza. Nywele ya mtu na nywele ya bandia mimi nazitofautisha kwa kupuliza.

MIMI: Wanaume watatu, ndimi tatu ndefu kama mkanda wa kupimia, na hakuna hata mmoja uliofika guniani?

SINDANO: Mtu na heshima zake alambe vidole dukani, kama paka jikoni?

WEMBE: Halafu wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Magunia yale hayakujitembeza hata kidogo. Yalikuwa yametulia pembeni.

MIMI: Gunia litembee liende wapi, nyie?

Lakini wajukuu zangu, hasira huambukiza kuliko mafua. Kadiri walivyopayuka ndivyo na mimi nilivyowaka. Nikaona sura ya yule mwenye duka, ingawa sijawahi kumwona. Nikaiona miwani yake. Nikaona anavyocheka huku anakunja pesa ya kodi yangu. Mama yangu mzazi alikuwa na neno lake, "Anayenunua kwa macho hula kwa machozi," na siku ile nililisikia kama yupo nyuma ya sikio langu. Ila sikujua linamhusu nani. Nilidhani linamhusu mwizi.

SINDANO: Mimi naona tulibadilishiwa njiani. Mnakumbuka pale Wembe alipopiga chafya? Sote tulifumba macho.

WEMBE: Chafya moja, magunia mawili?

SINDANO: Wezi wa siku hizi wamesoma.

BREKI: Hapana. Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote, nisikilizeni. Dukani ilikuwa sukari. Njiani jua likaipiga. Sukari ikatoa jasho. Sasa niambieni, jasho lina ladha gani?

WEMBE: Chumvi!

BREKI: Nimemaliza.

MIMI: Hujamaliza, hujaanza. Kwa hiyo nikiiweka kivulini inarudi kuwa sukari?

WEMBE: Bibi, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tukiendelea kusema ni sukari, sukari itakuja.

SINDANO: Nyie mnacheza. Hii ni njama ya wenye maduka wote. Wanatuuzia chumvi tushikwe na kiu, tukishikwa na kiu tunawanunulia maji yao ya chupa. Kesho watatuuzia kiu yenyewe kwa jumla!

BREKI: Twendeni! Tukayamwage magunia mlangoni pake, mtaa mzima ushuhudie. Kumwibia mama mzee! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, leo namvunja mimi mwenyewe!

Na mimi, bibi yenu, nikainuka. Nikakaza nguo kiunoni, nikavua kandambili moja nikaishika mkononi. Sindano akachukua mkasi mkubwa. Wembe akashika taulo, sijui lilikuwa la kumfunga au la kumfuta. Tukawa tayari kwenda kumvunjia mtu duka lake.

Hapo akatokea dada mmoja fundi rangi, ovaroli imerukiwa matone meupe mpaka kofia. Benchini hatukuwahi kumwona. Alikuwa amesimama muda kidogo, kikombe kitupu mkononi, anangoja kuhudumiwa.

— Shikamoo, bibi. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Leo kahawa imeharibika, tumeibiwa.

— Nimesikia, poleni sana. Naomba kuuliza tu. Huyo mwenye duka mlimwambia mnataka nini?

Sindano akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Breki. Breki akanyoosha kidole kwenye gunia, kama alivyofanya dukani.

— Yaani, — dada akasema taratibu, kama anayeogopa kumwaga rangi, — mlitaja sukari?

Kutoka ndani kwa kinyozi, mteja wa Wembe, aliyeachwa kanyolewa upande mmoja, akatoa kichwa chenye povu mlangoni. — Hata mimi nangoja hilo jibu, — akasema.

Wembe akakumbuka kazi, akaingia ndani. Sindano akakalia cherehani yake, akaanza kuikanyaga mbio, na kitambaa hakuna. Breki akatazama dari, lakini pale benchini hakuna dari. Mimi nikaivaa kandambili yangu. Mtu wa watu aliulizwa bei ya chumvi, akataja bei ya chumvi, akalipwa, akapakia chumvi. Na sisi tulikuwa tunakwenda kumvunja guu. Nikalimwaga birika zima mtaroni, na kahawa ya siku ile ikaishia hapo.

Lakini mtaji wangu haukwenda na maji ya mtaro. Nikawasimamisha wote watatu nikagawa mirathi mchana kweupe, kabla sijafa. Breki nikamrithisha gunia zima, maana kidole kilikuwa chake, akalibeba mwenyewe mbele ya mkewe. La pili nikawapa Sindano na Wembe nusu kwa nusu, nikampimia Sindano kwa kusugua na Wembe kwa kupuliza. Wakalia kwamba kipimo si cha haki. Nikawaambia ndicho walichonunulia. Na deni langu wakalilipa kwa sukari. Kila asubuhi kila mmoja alikuja na ya kwake, imefungwa kwenye karatasi, amemega kabatini kwa mkewe. Ndiyo maana kikombe changu hakikupanda bei, na ndiyo maana wake zao mpaka leo hawanisalimii vizuri.

Yule dada wa rangi alirithi kiti cha Breki, upande ule wa ubao usioyumba. Mtu wa povu alirithi kunyolewa bure upande uliobaki. Chumvi ya Sindano wameirithi wajukuu zake, na wao hawajaimaliza.

Na Breki? Zamani akifika alikuwa ananyoosha tu kidole, "Bibi, ile yangu." Tangu siku ile anavua kofia, anasimama wima mbele ya birika kama mtoto anayetoa shikamoo, anasema kwa sauti mtaa mzima usikie: "Bibi, naomba kahawa. Kahawa. Yenye sukari."

Nami kabla sijampa, naonja.