Fundi Kamusi na Ukuta wa Tofali Moja

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama, familia imechoka na sauti zetu zimekauka, kwa hiyo mtuvumilie tukisoma polepole maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kamusi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la chokaa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mchimba visima na mshonaji wa nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafaulu ila nafasi ya kuendelea hakuipata, na Januari iliyofuata mjomba wake, aliyekuwa mwashi, akamkabidhi mwiko na timazi, akamwambia hatakosa kazi maadamu watu wanaogopana.

Kwa miaka kumi na miwili alijenga kuta za kila namna, na kila alipofika kwenye kazi aliuliza majina, akaambiwa kwamba kiambaza ni ukuta mwembamba wa udongo, kitalu ni ukuta wa mawe unaozunguka kiwanja, wigo ni wa miti iliyochomekwa ardhini, na tuta ni udongo ulioshindiliwa ukashiba, naye akayaandika yote kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

Tarehe 14 Agosti 1979 alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu ofisi iliyokuwa ikitunga kamusi, na ndani wahariri wawili walikuwa wakibishana kama ngome na buruji ni kitu kimoja, ndipo aliposhindwa kujizuia, akaingiza kichwa dirishani, saruji imemjaa hadi kwenye kope, akasema, "Samahani wakubwa, ngome ni jengo zima, buruji ni mnara wake wa kulindia." Mhariri mkuu, mama mmoja mkali, akamuuliza kama ana mengine, naye akaendelea kujibu hadi lipu ikamkaukia kwenye karai. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa pale, na alikaa miaka thelathini na miwili.

Humo ofisini ndimo alimopata mke. Mpiga taipu alimrudishia kadi zake akisema, "Umeandika ua mara mbili, moja la kunusa, mwingine wa kuzungushia nyumba, nichape ipi?" naye akajibu, "Chapa zote, ila la kunusa ni lako." Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu, binti ambaye sasa ni fundi umeme, kijana ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba wao, aliyefariki kwa homa mwaka 1993 akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo mzee hakuimba tena akiwa bafuni, jambo ambalo mkewe ametuomba tulitaje.

Alistaafu mwaka 2011, akidhani atapumzika. Mwaka 2015 palijengwa ukuta wa kuzuia maji kando ya mto, juu kidogo ya nyumba za mtaa wa chini alikoishi kaka yake, dereva mstaafu mwenye miguu mibovu, na marehemu alipokwenda kuutazama aliona unene wake ni tofali moja tu, bila nguzo za kuuegemeza, msingi wenyewe haufiki magotini. Alikwenda kwa ofisa aliyehusika mara tatu, akamweleza kwamba walichokijenga ni kiambaza cha saruji, na kwamba penye mto huwekwa tuta, na mara ya tatu ofisa akamjibu, "Mzee, hayo ni maneno tu." Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa mlangoni hadi chakula kikapoa.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2017, baada ya mvua za siku tano, alipita nyumba kwa nyumba mtaa wa chini akiwaambia watu watoke, wengine wakamcheka, ila walitoka, kwa sababu hakuwa akipiga kelele, alikuwa akiomba. Aliyegoma ni kaka yake, aliyesema, "Wewe na maneno yako, niache nile." Marehemu, akiwa na miaka sitini na sita na kifua kinachokoroma, alishirikiana na jirani wakambeba na kiti chake, sahani mapajani, huku akiwatukana njia nzima. Saa tisa alasiri ukuta ulilala, nyumba kumi na moja zikaenda, na hakufa mtu. Kaka huyo amekaa hapa mbele yetu, na ametuambia matusi yale hajawahi kuyaombea radhi, leo anayaombea.

Watu walipompongeza, marehemu alisema afadhali angekosea. Wiki mbili baadaye ofisa yule alifika nyumbani, na mzee akamwambia, "Mwanangu, sina nguvu za kukasirika, njoo Jumamosi na koleo." Ofisa alikuja Jumamosi hiyo na nyingine kumi zilizofuata, na tuta lile lilijengwa na watu wa mtaa mzima, marehemu akiwa miongoni mwao, ingawa tulimkataza.

Februari 2019 madaktari walituambia mapafu yake yameharibiwa na vumbi la saruji na chokaa. Kuanzia mwaka uliofuata alipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni, na mkewe hajalala kitandani miezi kumi na minne, analala kwenye kiti, mkono wake ukiwa juu ya blanketi la mumewe. Wiki ya mwisho, wodini, muuguzi alipovuta pazia ili mgonjwa asisumbuliwe, mzee aliomba lifunguliwe, akasema kwa pumzi fupifupi, "Kuta nimeziandika za kutosha, niache nione watu." Lilibaki wazi, naye alifariki tarehe 3 Juni 2021, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi miwili na siku ishirini na tano, akimtazama mgonjwa wa kitanda cha pili akivaa soksi.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyekubali kuliacha pazia wazi, tunawashukuru majirani waliotupikia tulipokuwa hatukumbuki kula, wenzake wa ofisi ya kamusi, na ofisa wetu, ambaye tangu alfajiri yuko nje anapanga viti na amekataa kukaa.

Baba, kazi imekwisha, pumzika. Mama naye leo tutamlaza kitandani.