Radhi Aliyoiomba Khatibu

Mheshimiwa Diwani Tsuma, uliyeacha vikao vyako vya mjini ukavuka daraja kuja kuketi nasi. Maalim Mahfudh, imamu wetu wa Ziwa la Ng'ombe. Bwana Thornley, mjumbe wa kampuni ya magari ya Alderwick, uliyetoka Nairobi kwa ajili ya shughuli hii. Wazee wa Kisauni, wa Mjambere na wa Utange. Mabibi mlioko nyuma ya pazia, nikianza na shangazi yangu Bi Kuluthum, ambaye nikisahau kumpa shikamoo yake mbele za watu nitaisikia mpaka Ramadhani. Mafundi na madereva wa karakana hii. Ndugu wageni nyote: Assalamu alaikum, na wasiokuwa wa salamu hiyo, hamjambo na karibuni.

Mmealikwa kumuaga Khatibu Stambuli, msimamizi wa duka hili. Ameketi pale mbele, amevaa koti lake la harusi, kwenye kiti tulichokifunga maua kama anavyofanyiwa mtu anayeondoka. Mimi Barakat bin Hamdun, ambaye marehemu baba yangu ndiye aliyefungua duka hili la kuuza na kutengeneza magari ya Alderwick huku upande wa bara, nimepewa kazi ya kusema maneno ya kumuaga. Naomba mnivumilie, maana siwezi kusema habari za kuondoka kwake bila kwanza kusema yaliyotufikisha hapa. Wengi wenu mmeyasikia vipande vipande, na kila msimulizi ametia chumvi yake.

Ukitaja Alderwick hapa Kisauni, watu watakuuliza ni dawa au ni sabuni. Lakini sema gari la Korongo, hata mtoto atakuonyesha lilikopita. Tulilipa jina hilo kwa sababu ya yule ndege wa fedha aliyekuwa mbele ya bodi, amenyoosha shingo, amekunja mguu mmoja. Wenye uwezo wa kulinunua walikuwa wachache, na wengi wao walikaa Nyali kwenye nyumba zenye watunza bustani. Hata hivyo gari lile lilikuwa letu sote, kwa kuwa baba yangu alikuwa na moja ambalo hakuliuza abadan. Aliliweka kwa ajili ya maharusi. Nani hapa hakupeleka bibi harusi kwa Korongo? Nani hakumuona Bi Mwanabibi, siku ya binti yake, akimvisha yule ndege kikuba cha asumini na mrehani shingoni, huku akina mama wakipiga vigelegele, na Khatibu akiwa kwenye usukani, amekaza uso kama hakimu, asicheke wala asiharakishe? Aliporudi karakana, mafundi walitaka kukitoa kile kikuba ili waoshe gari. Khatibu aliwakataza. Alisema kitatoka kikishanyauka chenyewe, mwenye harusi asije akapita barabarani akaona furaha yake imetupwa jaani. Huyo ndiye tunayemuaga.

Basi, mwaka huu wakubwa wa kampuni kule Uingereza waliamua kwamba Korongo amezeeka. Wakamng'oa. Wakalikata na jina, likabaki Alda. Wakaagiza matangazo mapya, na Bwana Thornley akatuletea. Bango kubwa likasimamishwa pale kivukoni Likoni: rangi ya kijani kutoka juu hadi chini, watu wembamba waliovaa nguo zisizojulikana ni za kiume au za kike, wanatazama mbinguni, na chini yake maneno haya, Sahau ulichokijua. Gari halikuwamo. Mwaona? Tangazo la gari, na gari halikuwamo! Johari, muuza mahamri wa pale kivukoni, aliniita akaniuliza kwa upole wake, "Bwana Barakat, siku hizi wauza rangi?" Nilinunua mahamri, nikapanda feri.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kuchukia jipya. Mwezi ujao, inshallah, tutasimama sote kuitazama bendera mpya ikipanda, na hata sisi watu wa mwambao, ambao mwaka huu tumebishana barazani mpaka kahawa ikapoa, tutasimama. Kila kitu kinabadilika jina: barabara, afisi, hata baadhi ya vijana wetu wamejibadilisha. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Nimejiuliza, mtu akikwambia anza upya, akutake nini? Akutake ufue nguo yako, au akutake uivue na kuitupa, na umshukuru? Na anayekwambia sahau, je, alikuuliza kwanza ulikuwa ukikumbuka nini? Sina hakika kwamba nimepata jibu zima. Lakini nafikiri mtu anaweza kubadilisha jina asubuhi na akabaki mtu mwema jioni, mradi asiwakane waliomjua kwa jina la zamani.

Sasa nije kwenye ile Ijumaa.

Magari mapya yalikuwa bado baharini. Bwana Thornley, ambaye namsifu kwa bidii, hakutaka kungoja meli. Aliwapa maseremala wa Utange kazi ya siri wamchongee gari la mbao, jembamba na refu, dogo kuliko gari la kweli. Siri ile hakutuambia hata sisi wa dukani. Alisema ni desturi ya matangazo ya kisasa. Akalifunika kwa kitambaa cha kijani, rangi mpya ya kampuni, kilichotariziwa uzi wa dhahabu pembeni. Akaajiri wapagazi, wakiongozwa na Katana, akawavisha kanzu nyeupe na kofia, akawaagiza walibebe mabegani kwa miti, polepole, bila kusema neno, wapite vijijini mpaka hapa dukani, ili watu wajiulize ni kitu gani. Na akachagua Ijumaa, karibu na alasiri, kwa kuwa alisikia Ijumaa watu huwa wengi njiani.

Nawaona mwacheka. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa Mjambere kwa shangazi. Nikaona wazee wanainuka barazani, mwenye duka anarudisha mlango, vijana wanaacha mpira. Kitu kirefu kimefunikwa kijani, kimebebwa mabegani na watu waliovaa kanzu, kinakwenda kimya. Kwetu sisi huulizi. Unainuka, unafuata, ukifikiwa na zamu unatia bega, kwa sababu kumsindikiza maiti ni haki yake juu yako, umjue usimjue. Nikainuka. Nikatia bega. Wallahi, nilililia machozi gari la mbao, nikidhani ni mzee fulani wa Utange aliyekuwa hajiwezi. Akina mama wakatoka milangoni wakafunika vichwa. Na wale wapagazi? Katana aliniambia baadaye, "Bwana, mimi niliajiriwa kubeba. Watu walipokuja mbio kunipokea mzigo, nikasema, Mungu akupe nini tena?" Akabaki nyuma anajifuta jasho, anawasifu watu wa Mjambere kwa ukarimu.

Tulipofika Ziwa la Ng'ombe watu walikuwa wamejaa barabara. Hatukwenda dukani. Tulikwenda msikitini, kwani maiti hupelekwa wapi wakati wa alasiri? Tukalitua uani. Maalim, uliposimama kutaka kutusalisha, uliuliza lile swali ambalo kila imamu huuliza, ujue usimame usawa wa kichwa au wa kiuno: "Maiti ni mume au mke?"

Watu wakatazamana.

"Wenye maiti ni nani?"

Mzee mmoja wa Mjambere akawageukia watu wa Utange, akasema, "Si wenu?" Wakamjibu, "Sisi twaona ni wenu." Ndipo Katana alipoingia uani akihema, mikono juu, akasema, "Jamani, huyo si mtu! Huyo ni gari!" Kitambaa kikafunuliwa.

Ile haikuwa saa ya mzaha. Vijana waliona wamechezewa, tena katika jambo lisilochezewa. "Watutania kwa maiti zetu!" mmoja akapaza sauti, na mwingine alikwisha okota jiwe. Na wapagazi wa watu, maskini, wamesimama katikati na kanzu za kuazimwa. Mwajua yangeweza kuwa nini, mwaka huu ambao kila mtu roho iko juu.

Hapo ndipo Khatibu alipofika. Alikuwa ametumwa na Bwana Thornley, aliyemfichulia siri yake saa ile ile, kuangalia msafara umekwama wapi. Alivua viatu, akapita katikati ya watu mpaka kwa Maalim, akampa mkono. Kisha akanitazama mimi, mwenye duka. Alinitazama akingoja, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akasema, na nayakariri kama alivyoyasema: "Maalim, na nyote jamaa zangu, mimi nafanya kazi katika kampuni hii. Hatukukusudia, lakini tumewakosea. Nyinyi mumeinuka kwa heshima ya maiti, nasi tumewapa ubao. Kwa niaba ya kampuni, nawaomba radhi." Hakuongeza kitu. Maalim akawaambia watu kwamba thawabu zao ziko pale pale, kwa kuwa waliinuka kwa nia njema. Yule kijana akaliacha jiwe lake lianguke. Wengine wakakikunja kitambaa vizuri, wakamkabidhi Katana. Watu wakasali alasiri yao, wakaenda zao.

Sasa nimsifu Bwana Thornley kwa jambo la pili. Yeye alikuwa juu ya paa la duka na kamera yake, na kwa mbali aliuona umati. Tangu kampuni ile ianzishwe, hakuna tangazo lililowahi kukusanya watu wengi kiasi kile bila neno hata moja. Akapeleka simu ya maandishi Uingereza siku ile ile kwamba Mombasa imelipokea gari jipya kwa shauku kubwa. Picha ikachapishwa katika jarida la kampuni. Ninayo nyumbani. Mnaweza kuniona humo, kichwa chini, nalia kwa shauku kubwa.

Tatizo ni kwamba habari ya radhi nayo ikatoka gazetini. Wakubwa wakauliza, mtu huomba radhi kwa shangwe? Simu ya Bwana Thornley haikuweza kuwa kweli pamoja na maneno ya Khatibu. Kimoja kilipaswa kuondoka. Nami nikaambiwa, kwa adabu sana, chai iko mezani, kwamba kampuni haiombi radhi. Kwamba Khatibu alisema bila ruhusa ya mtu yeyote. Kwamba aondoke, aagwe kwa heshima, na mimi niseme hadharani, mbele ya Mheshimiwa Diwani, kuwa maneno yale yalikuwa yake peke yake. Nikifanya hivyo, duka litabaki na uwakala. Nisipofanya, bango la kampuni lililo juu ya mlango wetu litashuka.

Ndiyo hadhara yenyewe hii. Na ndiyo maneno niliyoitiwa.

Nimeyajaribu nyumbani, mbele ya kioo. Ulimi haukubali. Khatibu hakusema bila ruhusa. Ruhusa niliitoa mimi kwa kichwa changu hiki, na walioniona wako hapa. Kumwacha aondoke na neno lile mgongoni, akaitwa mropokaji katika kila duka atakaloomba kazi, kwa kosa la kuwazuia watu wasiumizane, hilo siliwezi. Bwana Thornley, unakielewa Kiswahili vizuri kuliko unavyotuonyesha, kwa hiyo sitatafuta mkalimani: siyasemi.

Mafundi wangu, nawaona mwatazamana. Na mimi naogopa, sitawaficha. Hatujui vipuri tutavipata wapi wala kwa bei gani. Lakini magari ya Korongo yaliyoko pwani hii hayakumeza sumu. Yataharibika kama kawaida, na wenyewe watatafuta mtu wa kuyatengeneza, na yale ya watu wengine pia tutayatengeneza, hata malori. Bango la Alda mlishushe kesho, mlifunge vizuri lisichubuke, na Bwana Thornley atasafiri nalo. Juu ya mlango tutaandika Barakat na Khatibu, ikiwa mwenyewe ataridhia, maana kwa hilo sikumuuliza, na naona ameshika kichwa.

Maalim, wazee wangu, ile radhi ya Ijumaa naiomba tena, kwa jina langu na la marehemu baba yangu.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kuwa shahidi. Akina mama, ahsanteni kwa pilau ambayo harufu yake imenishinda tangu nilipoanza kusema. Nyote mlionipa masikio yenu na subira yenu, Mungu awalipe kheri. Na kwa kuwa tuliitana hapa kuaga, tusiondoke bila kuaga. Khatibu, ndugu yangu, inuka kwenye kiti hicho cha maua, uje ukae huku upande wa wenyeji. Bwana Thornley, karibu kiti.