Shuka Aliloliacha Salama Mtamboni

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Mlola. Mashehe na wachungaji mliotuheshimu kwa kufika. Mwalimu wetu Jenoveva. Wahitimu wenzangu, nanyi ndugu wageni waalikwa: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wazee walionitangulia, shikamooni.

Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao, nadhani kwa sababu katika darasa zima la kutia rangi na kufuma, mwanamume nilikuwa peke yangu, na mwenye mvi pia nilikuwa peke yangu. Wengi mnanijua. Mimi ni Twaha, mkulima wa kabichi na karoti, mume wa marehemu Salama.

Mnaomkumbuka Salama mnakumbuka vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutakata kwa sababu ya rangi. Alifuma miaka mingi, na vitambaa vyake vyote vilishuka Soni kwa wateja. Mwaka jana, kabla ya masika, alitandika nyuzi mpya kwenye mtambo wake wa kufumia pale sebuleni, nikamuuliza hicho ni cha nani. Akaniambia, "Hiki hakishuki Soni. Ni shuka letu, baba Amina. Ujana wote tumejifunika mablanketi ya dukani."

Alifika nusu. Akaugua, tukampeleka hospitali, tukarudi naye kumzika.

Siku ya matanga watu walibanana, maana mtambo ulikuwa umejaza chumba. Mdogo wangu Hamisi akaninong'oneza, "Kaka, tuufungue, watu wapate pa kukaa." Nikamwambia auache. Baadaye watu wakaondoka kama ilivyo kawaida, binti yetu Amina akarudi kwa mumewe Handeni, nikabaki mimi na mtambo. Je, mmewahi kula mkiwa mmekipa mgongo kitu kilicho ndani ya nyumba yenu wenyewe? Mimi nilikula hivyo miezi mingi. Kuutazama sikuweza, na kuuondoa sikuweza.

Mwishowe nikamwendea Mwalimu Jenoveva, nikamwomba aje animalizie lile shuka. Akaniambia, "Shemeji, ile ni kazi ya Salama. Mimi siigusi. Lakini wewe nitakufundisha, ukaimalize mwenyewe."

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu ndiye huyu. Hakunihurumia hata siku moja, na kwa hilo namshukuru. Alinifundisha kuchukua magome ya miwati iliyokwisha kukatwa, si kuuchuna mti ulio hai. Kuokota sokoni maganda ya vitunguu ambayo wengine wanayatupa. Kuloweka uzi kwenye shabu ili rangi ishike. Mkono uliozoea jembe ulikata nyuzi nyingi. Kina mama hawa mnaowaona walinicheka, halafu wakaniungia.

Kilichonishinda ni rangi. Ile kahawia ya Salama ilitokana na magome ya muwati na majani ya chai ya Mgwashi. Hilo nililijua, kwa kuwa kuni na magome nilikuwa nabeba mimi. Lakini alichemsha kwa muda gani? Maji kiasi gani? Hakuwahi kusema, wala mimi sikuwa na sababu ya kuuliza. Nikachemsha, uzi ukatoka mwekundu. Nikarudia, ukatoka wa kijivu. Nikampelekea mwalimu, akautazama juani.

"Hutaipata, shemeji," akasema. "Gome la mwaka huu si la mwaka jana. Hata angekuwepo yeye, angepata nyingine. Fuma na yako."

Nikafuma na yangu. Shuka lile lina mahali ambapo yeye anaishia na mimi naanza, na hata asiyejua kazi hii anapaona.

Nilidhani nikilimaliza moyo utatulia. Siku niliyolikata kutoka mtamboni, nilikaa nalo magotini, na nyumba ikawa kimya kuliko siku ya mazishi, kwa sababu hadi siku ile kulikuwa na jambo kati yangu na yeye ambalo halijaisha. Wahitimu wenzangu, sisemi haya kuwaharibia sherehe. Nasema kwa kuwa cheti mtakachopewa leo hakitawaambia kwamba kazi hii inamweka mtu peke yake na mawazo yake kutwa nzima. Mkishatawanyika, wengine Soni, wengine Mgwashi, tembeleaneni. Mtu asikae na mtambo tu mwaka mzima.

Kazi zetu mnaziona pale mezani, na karibuni mnunue. Lile shuka halipo. Liko kitandani kwangu. Nimeshatandika nyuzi nyingine. Nani atajifunika kitambaa hicho, bado sijui, lakini kila asubuhi nikitoka shambani nakaa na kufuma.

Mwalimu Jenoveva, Mungu akuzidishie. Nanyi nyote mlio hapa: mimi siku hizi nyumbani nasema na hakuna anayeitika. Leo nimesema mbele ya watu wengi hivi, nanyi mmekaa mkanisikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.