Jicho la Pili la Mwalimu Menza

Tunayemzika leo, Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1966, ni Mwalimu Yohana Menza Shutu. Alizaliwa mwaka 1908 karibu na Kinango, mtoto wa tatu wa mzee Shutu na mama Kanze. Alipewa mbuzi achunge, akawapoteza mara mbili kwa kusimama kusikiliza ngoma za watu. Baba yake alikata tamaa, akampeleka shule.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1919, akabatizwa mwaka 1924 na kuhitimu ualimu mwaka 1930. Mwaka uliofuata alianza kufundisha hapa Bongwe, akakaa hadi alipostaafu mwaka 1964. Hesabu za kuzidisha alizifundisha kwa mdundo wa ngoma ya sengenya. Mkaguzi mmoja alimkataza. Mwalimu akaitikia, "Ndiyo, bwana," na Jumatatu ngoma zikalia kama kawaida. Wapiga ngoma, wachongaji na watunga mashairi wote walikuwa na chai yao barazani kwake. Dzombo, aliyeanguka mtihani wa darasa la nne akalia mchana kutwa, alinunuliwa tezo na patasi. "Mikono yako imefaulu," mwalimu alimwambia. "Ya kichwa tuyaache."

Mwaka 1934 alimwoa Sidi Mwero, wakajaaliwa watoto wanne. Bi. Sidi husema aliolewa na mwanamume mmoja na ngoma saba.

Uhuru ulipokuja, wanafunzi wake wa zamani walitaka kumwekea sanamu njia panda ya Ukunda, kila apitaye amwone. Bwana Mwinyihaji, mwenye duka hapo, alisema, "Mimi sanamu siipendi, Wallahi, lakini mwalimu nampenda. Iwekeni, ila isitazame mlangoni kwangu." Kazi akapewa Dzombo, na hapo ndipo tulipokosea sote. Dzombo alijua kuchonga sura moja tu ya mtu, nayo ni koma, nguzo ambayo Waduruma humchongea mtu akishazikwa ili roho yake ipate pa kukaa. Alikataa wiki tatu, tukamshikilia. Mwishowe alichonga gogo la muhuhu, lakini macho hakuyatia.

"Mti wenye macho ni wa maiti," alisema. "Hivi ulivyo, Mwalimu, bado uko hai."

Sanamu ilizinduliwa tarehe 1 Juni 1965. Mwalimu aliicheka, akaiamkia: "Hujambo, mwenzangu kipofu?"

Kabla mwaka haujaisha, macho yake yalianza kufifia. Kufikia Pasaka ya mwaka huu hakuona hata mwanga. Madaktari walikuwa na jina la ugonjwa huo, lakini Dzombo aliamini ni yeye aliyempofusha, akakonda hata watu wakamhurumia. Mwezi wa Agosti mwalimu alilazwa hospitali ya Msambweni, moyo umechoka, akamwita Dzombo.

"Yachonge, mwanangu. Giza limenichosha."

"Nikiyachonga utakufa, Mwalimu."

"Basi chonga moja."

Jumatatu, tarehe 19 Septemba, saa nne asubuhi, Dzombo alichonga jicho la kulia. Saa ile ile, huko Msambweni, Bi. Sidi alikuwa akimnywesha mumewe uji. Mwalimu aligeuza uso akasema, "Dzombo ana vumbi la mti ndevuni. Mwambie asilie, atajikata." Bakuli lilimponyoka Bi. Sidi mkononi.

Tangu siku hiyo alisimulia yaliyopita Ukunda akiwa kitandani: mbuzi wa nani wameingia mahindini, nani amevaa kanzu mpya. Bi. Sidi, ambaye si mtu wa kuamini ovyo, alituma watu wakaulize, na kila neno lilikuwa kweli. Jambo moja tu lilimsumbua mwalimu. "Upande wa kushoto wa sanamu kuna watu wamesimama," alisema. "Siwaoni, nawasikia wakiniita jina nililoitwa na mama." Aliomba jicho la pili. Dzombo aliogopa, akaificha patasi dukani kwa Bwana Mwinyihaji.

Mwalimu aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Oktoba, saa tano asubuhi. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mwambieni Dzombo hakunipofusha. Lililobaki alichonge nikishazikwa, kama desturi."

Ameacha mjane, Bi. Sidi, watoto, Kanze, Mwero, Mwinga na Chome, wajukuu tisa, na Dzombo, ambaye familia inamhesabu kuwa mtoto wa tano.

Tukitoka kaburini, Dzombo atakwenda njia panda kuchonga jicho la kushoto. Patasi amekwisha rudishiwa. Mnaomsindikiza, futeni machozi kwanza, kwa maana mwalimu hakupenda kuona mwanafunzi wake akilia. Na upande wa kushoto wa sanamu asisimame mtu. Pana wenyewe.

Apumzike kwa amani Mwalimu Menza, nao waliomngoja wampokee.