Shigela Mhoja na Eneo Lililobaki Wazi

Huyu aliyelala mbele yenu hapa Kamanga, leo Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, ni Shigela Mhoja, mtoto wa kwanza wa mzee Mhoja na mama Suzana. Hakuzaliwa huku. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Buswelu, tarehe 3 Machi 1948, wakati Buswelu ni mashamba ya mihogo na malisho ya ng'ombe, na mtu akienda mjini anafungasha chakula cha njiani. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Getruda, na ndiye anayeusoma. Sauti ikikatika, mumvumilie.

Alianza shule ya misheni mwaka 1956. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu hatua. Akitumwa maji chemchemini, anarudi ndoo imemwagika nusu lakini jibu analo: "Mama, ni hatua mia sita na kumi na mbili." Mama Suzana humjibu, "Nimekutuma maji, sijakutuma hesabu." Lakini kwa majirani alijisifu naye. Alimaliza sekondari mjini Mwanza mwaka 1969, akaenda Dar es Salaam kusomea mipango miji, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka uliofuata alipangiwa kazi Dodoma, nchi ilipokuwa imeamua kuhamishia huko makao makuu. Kwa miaka sita alikuwa mmoja wa vijana waliochora namna makao makuu mapya yatakavyopanuka kwa miaka mingi bila kumaliza maji, miti na mahali pa watu kupumua. Akija likizo hutandika ramani kwenye mkeka, kuku wanapita juu yake, naye anaeleza: hapa soko, hapa shule, na hii rangi ya kijani haiguswi na mtu. Alisema mji ni kama sare ya mtoto wa shule, uishone ukijua atakua. Mwaka 1980 alihamishiwa Mwanza, akarudi nyumbani na hiyo rangi yake ya kijani.

Mke aliyempata ni Dorcas Chenge, binti wa ua huu, ambaye wakati huo alikuwa anasomea ualimu Butimba. Mwaka 1981 Shigela alivuka kuja kujitambulisha. Jamani, mtu kaja kuomba mke, badala ya kukaa akatulia akaanza kupima ua wa mkwe kwa hatua! Mzee Chenge alikuwa amechimba msingi wa nyumba ya pili hapahapa katikati. Shigela akasema, "Shikamoo baba. Samahani, hapa usijenge."

"Marahaba. We kijana, umekuja kuoa au umekuja kunifukuza kwangu?"

"Nimekuja kuoa, baba. Ila ukijenga hapa, siku ya harusi au ya msiba watu watakaa wapi?"

Dorcas alikuwa dirishani, akajua mchumba ndiyo huyo ameponyoka. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na wiki hiyo hiyo msingi ukafukiwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982, wageni wakakaa hapahapa, na maharusi wakajaliwa watoto wawili, Teodora na Shimba.

Mwaka 1991 alikabidhiwa kazi aliyoiota maisha yake yote: kuchora upanuzi wa Mwanza upande wa mashariki, hadi Buswelu, kwa miaka ishirini ijayo. Mwanza ni makao makuu ya mkoa tu, lakini Shigela aliichorea kwa moyo ule ule wa Dodoma. Alitenga njia za maji ya mvua kutoka kwenye miamba, eneo la makaburi, na hifadhi ya kijani kuzunguka chemchemi. Chemchemi yenyewe ilikuwa kwenye shamba letu. Hakutaka watu waseme amepaka kijani mashamba ya wengine na kuliacha la kwao, kwa hiyo alikuja kutuomba sisi kwanza.

Mama akamuuliza, "Shigela, unasema hapa hatajenga mtu?"

"Hatajenga mtu, mama. Hata mimi mwenyewe siruhusiwi."

"Hata baada ya miaka mia?"

"Hata baada ya miaka mia. Ramani ina muhuri."

Mama akaweka dole gumba. Sisi tukapewa vijiwanja upande wa pili, vya kutosha nyumba na choo, na Shigela mwenyewe ndiye aliyeandika sharti kwamba kwenye kiwanja kilichopimwa hazikwi mtu. Mama alipofariki, Agosti 1994, tuliruhusiwa kumzika hifadhini, kwenye mwinuko, hatua mia mbili kutoka chemchemi ili maji yasichafuke. Mtoto wa marehemu analia huku anahesabu! Watu walishangaa, lakini ndivyo alivyokuwa.

Basi, ndiyo miaka hiyo ya ruksa, biashara huru kwa kila mtu. Viwanda vya samaki vikafunguliwa, watu wakamiminika, na kila aliyeshika kidogo akataka kujenga. Mwanzoni mwa 1997 kulikaliwa kikao ambacho Shigela hakuitwa. Ramani ilipotoka, rangi ya kijani haipo. Hifadhi imekatwa viwanja sitini na viwili. Eneo la makaburi leo ni gereji na ghala la bia. Alizunguka na barua ofisi hii na ile mpaka soli za viatu zikaisha, na kila alikokwenda aliambiwa, "Mzee Mhoja, mambo yamebadilika." Getruda alikwenda kuliona kaburi la mama, akakuta liko ndani ya ukuta wa mtu. Siku hiyo alimwambia kaka yake neno ambalo anaomba alikiri mbele yenu. Alimwambia, "Umetugawia mama yetu kwa watu." Shigela alishika tama, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Miezi minane Getruda hakukanyaga kwake.

Mwisho wa mwaka huo ikaja ile mvua kubwa ya El Nino. Maji yalipita palepale Shigela alipoyachorea njia, ila sasa njiani pana nyumba. Alitoka na ramani yake ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, akagonga mlango kwa mlango akiwasihi watu watoke. Wengine walitoka. Wengine walimwona mwendawazimu. Nyumba tisa zilikwenda na maji, na wanawake wawili wakapoteza maisha. Tarehe 20 Januari mwaka huu alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, ule wa kuchorea. Maneno yakawa ya kuokoteza. Getruda alirudi, akamlisha uji kwa kijiko, wakapatana bila hotuba. Ombi lake lilikuwa moja tu: "Mnizike kwa mama." Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Novemba, akiwa na miaka hamsini.

Alhamisi Getruda alikwenda kugonga geti la ule ukuta uliozunguka kaburi la mama. Mlinzi, mtu mzima mwenye adabu zake, akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kuomba nafasi ya kaburi, pembeni ya mama yangu."

Akaingia kupiga simu, akarudi anaangalia chini. "Bosi anasema poleni sana. Anasema haiwezekani. Na mama, pale ameshamwaga zege."

"Pale wapi?"

Akaonyesha kwa kidole palipoegeshwa pikapu.

Shigela hakulijua hilo, na Getruda anamshukuru Mungu kwamba alikufa bila kulijua. Hakuna kingine cha kushukuru. Jioni tulikaa ukoo mzima, watu wa Buswelu tangu enzi za mababu, tukiulizana ndugu yetu tumpeleke wapi. Vijiwanja vyetu, sharti lake mwenyewe linakataza. Ndipo shemeji yetu, Alexander Chenge, akasimama, akasema, "Mleteni kwetu. Baba kabla hajafa alituagiza ule uwanja usiguswe, ni neno la mkwe." Kwetu mwanaume kuzikwa kwa wakwe ni kuinamisha uso. Tumeinamisha. Tumevuka naye kwa kivuko cha asubuhi, na nyinyi mmekaa palepale aliposema watu watakaa.

Marehemu ameacha mjane, Dorcas. Watoto wawili, Teodora na Shimba. Dada mmoja, Getruda, ambaye neno lake halirudishiki. Na ramani moja ndani ya mfuko wa plastiki, isiyotakiwa na ofisi yoyote.

Bwana ampokee Shigela Mhoja, na amlaze kwa amani katika eneo pekee, kati ya yote aliyoyatenga, lililobaki wazi mpaka leo asubuhi.