Fundi Andongwisye na Oili ya Namba Saba

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi mitatu ya utumishi, Fundi Andongwisye Kibona anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliingia Shirika la Afya Milimani, hapa Itumba, mwezi Machi 1994, akiwa na spana nne alizozifunga kwenye kitambaa. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa pikipiki zote zinazowapeleka wauguzi na chanjo vijijini.

Kwa wasiomfahamu: huyu ni mtu asiyetulia. Chai huinywa akizunguka karakana. Kwenye vikao husimama dirishani, na pikipiki ikipita barabarani hukata mazungumzo ya mkurugenzi: "Samahani. Yule vavu zake zimelegea." Mwaka 2008 alilazimishwa kwenda likizo ya siku ishirini na nane. Siku ya tano tulimkuta karakana kainama juu ya injini. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa kwake ni upande mwingine kabisa wa mji.

Iliyomnyima raha kuliko zote ni Namba Saba, pikipiki ya mwaka 1989 yenye tangi jekundu lililopauka, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Pikipiki mpya zilipoletwa, masika ya kwanza tu zilikwama kwenye matope ya njia ya Ikinga, kijiji cha mlimani. Namba Saba ilipanda. Tatizo lake lilikuwa moja: ilivuja oili.

Februari 2017 aliona oili imechuruzika chini ya injini. Akabadilisha gasketi ya upande wa klachi, akaifuta, akaitazama ikiunguruma kwa dakika kumi, akamwambia muuguzi wetu Conjesta, "Dada, nenda. Iko sawa."

Haikuwa sawa. Oili ilikuwa inatoka upande wa pili, kwenye sili, yaani kile kipete cha mpira kinachozuia oili pale sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalozungusha cheni, inapotokea. Ilitambaa kwenye cheni mpaka kwenye tairi la nyuma. Akishuka kutoka Ikinga, Conjesta aliteleza kwenye kona, akaangukia bega. Mfupa ulivunjika. Wanakijiji walimbeba hadi barabara ya magari, na hata hapo alikuwa akiuliza kama sanduku la chanjo limefungwa vizuri.

Sisi wengine tulilaumu mvua. Kwenye kikao cha Jumatatu Fundi Andongwisye alitoka dirishani, akaja katikati. "Msilaumu mvua," alisema. "Kosa ni langu. Niliona oili, sikutafuta inakotoka."

Kuanzia hapo hakukalika naye. Sili ile haikuwepo Itumba, wala Vwawa. Tunduma alipita duka kwa duka, sili ya zamani mfukoni na kipimo cha chuma mkononi. Wauzaji walimletea zinazofanana. Alipima, akarudisha. Mmoja alimwambia, "Mzee, tofauti ni milimita moja tu, gonga itaingia." Akamjibu, "Kuingia itaingia. Lakini anayepanda pikipiki ni mtoto wa mtu."

Alivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Huko muuza vipuri aitwaye Brian aliigeuzageuza ile sili, akacheka. "Mudala," alimwita, yaani mzee, "pikipiki hii bado inatembea?" Kisha akamwonyesha namba tatu ndogo zilizochongwa ukingoni mwake: upana wa ndani, upana wa nje, unene. "Wewe unatafuta jina la pikipiki. Tafuta hizi namba. Sili haijui imefungwa wapi."

Fundi alirudi Tunduma karibu akimbie. Safari hii hakuingia maduka ya pikipiki. Alikwenda kwa mama mmoja, Anastazia, anayeuza vifaa vya pampu za maji, akamsomea zile namba. Mama alivuta boksi moja chini ya kaunta. Ilikuwemo. Akachukua zote sita.

Baada ya kuifunga, aliosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe kama mwali. Mimi ninayeandika haya, Ruti wa stoo, nilimuuliza kama amechanganyikiwa. "Poda haifichi," alisema. "Oili ikitoka, itaandika mahali ilipotokea." Akaipanda mwenyewe hadi Ikinga na kurudi. Akafanya hivyo mara tatu, siku tatu, mvua ikinyesha. Poda ilibaki kavu.

Conjesta aliporudi kazini mwezi Juni, alisimama mbali na ile pikipiki kwa muda mrefu.

"Baba Ipyana," alimwita Fundi kwa jina la mwanawe, "umeipanda mwenyewe?"

"Mara tatu."

"Mlima wote?"

"Wote. Na ile kona."

Akachukua kofia ngumu, akaenda.

Toka hapo karakana yetu ina sharti: pikipiki ikishatengenezwa, hakuna muuguzi anayeipanda kabla fundi hajaijaribu mwenyewe. Ukutani ameandika kwa rangi namba za sili zote za pikipiki zetu, kubwa kubwa, ili yeyote atakayekuja asihangaike. Kwa miaka minane hakuna aliyeanguka kwa sababu ya oili.

Jambo moja nililigundua nikiwa nimechelewa. Siku Conjesta anapokwenda Ikinga, Fundi hatoki kazini kwa saa ya kawaida. Hupata kisingizio: mara anafagia, mara anapanga spana zilizokwisha kupangwa. Akisikia mlio wa Namba Saba unapinda kona ya mwembe wa shule, anavaa koti lake. Nilidhani anapenda kazi kupita kiasi. Kumbe alikuwa anamsubiri arudi.

Ijumaa iliyopita ilikuwa safari ya mwisho ya Conjesta kwenda Ikinga, Namba Saba ikiwa bado mikononi mwa Fundi. Alirudi saa kumi na moja jioni, matope mpaka magotini. Fundi alipiga goti, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama. Conjesta naye hakushuka, alingoja jibu.

"Kavu," alisema Fundi. Kisha akabaki pale chini, ameinamisha kichwa, na sote tukajifanya tunatazama milima.

Fundi Andongwisye, kwa niaba ya wote uliowarudisha nyumbani salama, asante. Wewe na Mama Ipyana tunawaombea afya, mavuno na miaka mingi ya furaha.